Paa la Bi Somoe

Vijana wa ofisini, mliniaga vizuri. Mlinipa kanga, saa ya ukutani, na hotuba iliyokaribia kuwa ndefu kuliko utumishi wangu. Kisha mmoja wenu, simtaji, akanivuta pembeni akaniuliza, "Mama, hivi zamani Bibi Maendeleo alikuwa anafanya nini hasa?" Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani swali lile likanikaa. Sasa nimestaafu, mikorosho yangu haihitaji kutazamwa kila saa, basi nimeketi niandike. Habari za vyeo nitaziruka. Nitaandika juu ya nyumba, na miti na nyasi zilizozijenga, kwa kuwa huko ndiko nilikojifunza kazi.

Niliajiriwa Uhuru ukiwa bado mchanga. Mimi ni mtoto wa Mchinga, mama yangu alikuwa akishona makuti ya kuuza, na vidole vyangu vilizoea kuti kabla havijazoea kalamu. Baada ya mafunzo nikapangiwa Kilwa. Asubuhi ya kwanza mkuu wangu alinikabidhi baiskeli ya kiume na picha kubwa ya rangi, imekunjwa kama mkeka. Ndani ya picha mlikuwa na nyumba ya saruji, bati linalong'aa, madirisha mawili kila chumba na maua mlangoni. Chini imeandikwa NYUMBA BORA. Akaniambia, "Kawafundishe," akarudi kwenye chai yake.

Nikaenda Kikole. Watu waliitwa, wakakaa, nikaitundika picha kwenye mti nikaanza kueleza hewa safi na mwanga. Nilieleza sana. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Mwanangu, mti wa kujengea nyumba hiyo unapatikana pori gani?" Nikamwambia si mti, ni saruji, na saruji hutoka Dar es Salaam. Akatikisa kichwa kwa heshima zote. "Basi utusalimie huko." Mkutano ukaishia hapo, kwa kicheko, na mimi nikacheka nao ingawa masikio yalikuwa yakiniwaka.

Aliyenifuata baada ya mkutano ni Fundi Kasimu, mwezekaji. Alikuwa mfupi, mwenye kikohozi na majivuno mengi. Aliisogelea picha yangu akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nyumba nzuri. Ila paa limelala mno, kama kofia ya mlevi." Nikamuuliza yeye angelifanyaje. Hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza la maana katika kazi hii. Alinijibu kwa muda wa miaka.

Kwake nilijifunza kwamba nguzo ya mpingo mchwa huiacha kama ilivyo, na kwamba mti dhaifu zaidi huunguzwa kidogo kwa moto upande unaoingia ardhini. Nilijifunza fito za mkole, jinsi zinavyokubali kupinda zikiwa mbichi na kukataa katakata zikikauka. Nilijifunza kubandua gome la mti kwa ajili ya kamba, kuliloweka, kulifunga likiwa laini na kuliacha likauke lenyewe mpaka likaze kuliko mkono wa mtu. Mianzi ilitoka kwenye vilima vya Umatumbi, boriti za mikoko zilitoka kwenye pwani ya Kivinje, na nyasi zilikatwa zikiwa zimepevuka lakini hazijaanza kumwaga mbegu. Kila kitu kilikuwa na wakati wake wa kukatwa, na Fundi Kasimu alikuwa na ukali wa kuulinda wakati huo.

Msidhani kila alilosema lilikuwa kweli. Aliniapia kwamba mwanzi ukikatwa mbalamwezi huliwa na mdudu fukusi, ukikatwa giza hauguswi. Mimi, nikiwa na ugonjwa wa mafunzo, nikakata mafungu mawili, moja la mbalamwezi na moja la giza, nikayaweka uvunguni mwa kitanda changu. Yote mawili yakaliwa. Nilipompelekea ushahidi aliugeuza geuza, akapuliza vumbi, akasema, "Mwezi wa siku hizi umeharibika." Tangu hapo tukawa marafiki wa kweli, kwa kuwa kila mmoja alijua mwenzake hana aibu.

Picha niliigeuza. Upande wake wa nyuma ulikuwa mweupe, nikachora humo nyumba za Kikole zenyewe na maboresho madogo: mawe chini ya ukuta ili mvua isiurukie udongo, dirisha juu ya jiko moshi upate pa kutokea, mifugo ipate banda lake. Watu walijenga hayo. Walijenga kwa sababu mti wake walijua unapatikana pori gani.

Basi nije kwenye jambo ambalo nikifumba macho naliona mpaka leo. Ulikuwa mwaka wa operesheni, watu wanahamishwa kutoka vitongojini kwenda vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Kuna waliokwenda kwa furaha, wakitaka shule na zahanati. Kuna waliokwenda kwa kusukumwa. Nimeishi nao wote na sitawapamba. Mimi mwenyewe niliamini, na bado naamini, kwamba mtoto wa Kikole ana haki ya kusoma kama wa mjini. Lakini imani haikunizuia kuona jinsi mtu anavyotazama nyuma anapoacha mlango wake.

Katika kitongoji kimoja cha ndani, kati ya Kikole na Mitole, wote walikuwa wameshahama isipokuwa mwanamke mmoja, Bi Somoe. Katibu Tarafa aliniita. Alikuwa mtu mwema aliyekonda kwa wasiwasi, maana lori lilikuwa linarudishwa mjini na mvua zilikuwa karibu. Akaniambia, "Bibi Maendeleo, huyu mama hatoki. Kesho kutwa mgambo watabomoa nyumba zote zilizobaki kule, watu wasirudi. Wakimkuta ndani watamtoa kwa mikono. Mimi sitaki hayo, lakini sitakuwa na la kufanya. Nenda kaseme naye kike."

Nikaenda, na Fundi Kasimu nyuma ya baiskeli. Nyumba ilikuwa ndogo, chumba kimoja na kibaraza, ukuta wa fito na udongo, paa la nyasi lililofika karibu na magoti. Fundi akabaki nje, maana nilikwisha kusikia kwamba mle ndani mlikuwa na mjane.

"Hodi!"

"Karibu, kama ni mwanamke."

"Ni mimi, Bibi Maendeleo. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunihamisha?"

"Nimekuja kukusalimia kwanza."

"Na pili?"

Nikakaa mkekani.

Bi Somoe hakuwa mkaidi, na hili nataka mlijue. Wanawe walikuwa wameshatangulia kijijini, na yeye alitaka kuwafuata. "Kijiji sikikatai," aliniambia. "Mimi nimo edani. Bwana wangu kafia humu, kwenye kitanda hiki unachokiona. Siku aliyojijua anakwenda, aliniuliza, 'Somoe, utanikalia eda chini ya paa langu?' Nikamwambia, nitakukalia. Akafurahi. Sasa nikitoka nje ya mlango huu kabla ya miezi minne na siku kumi, nitakuwa nimemdanganya maiti."

Nikamweleza kwamba nilikwisha kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, naye akasema kwa dharura kama hii kuhama kunajuzu, asiwe na hofu na Mungu wake.

"Mwalimu kasema inajuzu," Bi Somoe akanijibu taratibu. "Hakusema ni lazima. Na Mungu simwogopi kwa hili, Mungu anaona. Namwonea haya bwana wangu."

Niliwaza mgambo wakiingia mle. Vijana wa kiume, wamemshika mjane mikono, wanamtoa juani mbele ya watu na kaniki yake ya eda. Kwa mwanamke wa kwetu aibu hiyo haitoki. Angeibeba kijijini, angeibeba kisimani, na wanawe wangeambiwa siku wakigombana na wenzao. Nilishikwa na uchungu.

Ndipo sauti ya Fundi Kasimu ikaja kupitia ukuta, imetanguliwa na kikohozi. "Bi Somoe, samahani, nasikiliza yasiyonihusu. Bwana alikwambia chini ya paa, au alikwambia ndani ya ukuta?"

Bi Somoe akatazama juu.

"Alisema paa."

"Ukuta ni udongo, utabomoka. Lakini paa hili limefungwa kwa kamba. Kilichofungwa hufunguliwa. Ukikubali, tutalinyanyua zima, tutalibeba, na wewe utatembea chini yake mpaka kijijini. Hutakuwa umetoka."

Mimi nilidhani amechanganyikiwa. Bi Somoe alifikiri kwa muda mrefu kidogo, kisha akauliza swali la mwenye nyumba: "Na kitanda changu?"

Katibu Tarafa alinisikiliza mdomo wazi. Nilitegemea anifukuze. Akavua kofia, akajikuna, akasema, "Maagizo yanataka watu wahame na mali zao. Paa ni mali. Ila lifike kabla ya kesho kutwa, maana zaidi ya hapo mimi simo."

Tatizo likawa wabebaji. Kitongoji kilikuwa kitupu, na waliokwisha kuhama walikuwa wakihangaikia nyumba zao wenyewe. Tulipeleka habari kwa watani wa marehemu. Mnajua utani wa kwetu. Siku ya maziko watani hao ndio waliolala ndani ya kaburi wakakataa kutoka mpaka wapewe kitoweo. Kiongozi wao, jitu la miraba minne liitwalo Mpendu, aliposikia habari alipiga makofi. "Yaani huyu bwana hata kufa hajui! Wenzake wanazikwa kwa sanda yanakwisha, yeye anataka na paa lifuate!" Asubuhi yake wakaja wote, wakitukana tangu mbali.

Fundi Kasimu alipanda juu. Hakutaka kisu kitumike. Alimwagia maji kwenye mafundo ya magome pale ambapo paa lilikamatana na nguzo, akasubiri yalegee, akayafungua moja moja na kuyaweka shingoni. Nikamwambia tunachelewa. "Nyumba ya misumari huihamishi, unaivunja," akanijibu. "Hii inahama. Tulia." Chini ya mtambaapanya, ule mti unaolala juu ya ukuta kubeba paa, walipitisha mianzi minene iliyotokeza pande zote, na mabega yakaingia hapo. Jina la mti huo ni la haki kabisa, panya watatu walikimbia juu yake mbele ya macho yetu.

Fundi alitaka kuvua nyasi kupunguza uzito. Sauti kutoka ndani ikamkatiza. "Ukitoa nyasi utakuwa umebeba fito. Mimi sikuahidi fito." Wakapatana avue pindo la chini tu. Wanawake waliokuja kusaidia wakavua kanga zao za pili, wakazifunga kuzunguka ukingo wa paa, moja baada ya nyingine, mpaka ikawa nyumba ya nyasi yenye ukuta wa kanga. Ubavu mmoja wa ukuta wa udongo ukaangushwa tupate pa kupita. Mpendu akahesabu, mabega yakanyooka, na paa likaachana na nguzo.

Mimi nilikuwa ndani na Bi Somoe. Yeye alishika kuku, mimi nilishika kibuyu na mkeka, na kitanda kilifuata nyuma vichwani mwa wanawake. Kulikuwa na giza kidogo na harufu ya moshi wa miaka yote, na kila mbebaji mmoja alipojikwaa masizi yalitumwagikia vichwani. Chini ya kanga tuliona miguu tu, mingi, inakanyaga pamoja. Matusi hayakukoma. Walimtukana marehemu kwa uchoyo, kwa miguu ya tege, kwa jinsi alivyocheza ngoma. Bi Somoe alijifunika uso na kanga. Nilidhani analia, kumbe mabega yanamtikisika kwa kicheko, akakumbuka yumo edani, akaacha.

"Paa lisimame, nimeishiwa pumzi," Bi Somoe alisema njiani, na paa likasimama. Walikata matawi yenye panda msituni wakalitegemeza, wakanywa maji, tukaendelea.

Balaa lilikuwa kwenye korongo. Lilikuwa kavu, lakini ukingo wake ulikuwa mkali. Wa mbele waliposhuka, uzito wote ukawaangukia, mwanzi mmoja ukalia ukapasuka. Paa likainama upande wetu. Nilimshika Bi Somoe nikamvuta, hapakuwa na pa kumvutia. Mpendu akaachia mwanzi wake, akaingia chini kwa mgongo, akalipokea paa mabegani kama mtu aliyebeba gunia. Kwa kuinama kule kanga za upande mmoja zilifunguka zikaanguka zote, na Bi Somoe akabaki wazi, kichwa kitupu, mbele ya wanaume wale.

Hakuna aliyewaambia kitu. Wakiwa na mzigo ule mabegani, jasho likiwaingia machoni, wanaume wote waligeuza nyuso zao upande wa pili. Hata Mpendu, aliyekuwa karibu kuliko wote, alifumba macho. Na walinyamaza. Asubuhi nzima hawakuwa wamenyamaza. Mimi niliziokota kanga zile, nikazifunga upya, na machozi yakanitoka wala sikuyafuta. Nilipomaliza nikasema, "Tayari." Mpendu akafumbua macho akasema kwa pumzi ya mwisho, "Marehemu mnene huyu, hata paa lake limenenepa," na safari ikaendelea.

Tulifika kijijini adhuhuri imepita. Watu walitoka nje ya vibanda vyao wakatazama paa likija barabarani lenyewe. Wanafunzi wa Fundi Kasimu walikuwa wameshachimbia nguzo kwenye kiwanja cha Bi Somoe, na hapo mwisho, penye kupandishia, nguvu zilikuwa zimewaishia wabebaji. Katibu Tarafa alikuwa amesimama pale na kofia yake. Akampa mtu kofia, akaingiza bega. Paa likakaa, Fundi akazitoa kamba shingoni akafunga mafundo yale yale. Kanga zikabaki kuwa ukuta mpaka wanawake wakaja na fito na udongo, wakakandika kutokea nje, bila kumsumbua aliyemo.

Mvua za mwaka ule ziliwahi, na zilikuwa nyingi. Kila nilipopita nilipiga hodi, nikamuuliza Bi Somoe anaendeleaje, naye akanijibu kupitia mlangoni, "Alhamdulillahi, mwanangu, sina neno." Mahindi yakatoka, shule ikapigwa lipu, wakaanza kuzoeana wale wa Kikole na wale wa Mitole, maana walikuwa wakigombania kisima kimoja. Nilikuwa na furaha ya kazi ambayo sijawahi kuipata kwenye semina.

Siku aliyomaliza eda tulikwenda wengi. Wanawake walimwogesha, wakamvika kanga mpya, wakamtoa. Mpendu na watani wake walikuwa nje wakisubiri chakula. Fundi Kasimu alikuwepo, amevaa kanzu, anapokea pongezi zake na za wengine. Bi Somoe akasimama uani, akalitazama paa kutokea nje, kwa utulivu, kama mtu anayeagana na mgeni. Kisha akaita.

"Fundi Kasimu, panda ulivue."

"Nivue nini?"

"Paa."

Tukatazamana. Fundi akauliza kama amesikia vizuri.

"Umesikia. Marehemu, Mungu amlaze pema, alikuwa mwema kwangu kwa kila kitu, lakini kuezeka hakujua, na fundi hakutaka kumwita. Linavuja tangu alipoliezeka. Mvua hizi zote nimekesha nimekaa, sufuria huku, bakuli huku."

Nikaingia ndani mbio. Kitanda kilikuwa kimesukumwa pembeni kabisa, kimezungukwa na vyombo, na mkeka umeoza upande. Nikatoka nikamwuliza, sauti imenipanda, "Mama, kila siku nakupigia hodi! Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa edani kwake, mwanangu. Ningemsema vipi?"

Mpendu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Jamani! Tulivunjika migongo kwa ajili ya chujio!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Bi Somoe alicheka pia, kwa sauti, mbele ya watu wote, bila kujifunika. Kisha akamwashiria Fundi ngazi.

"Haki yake nimeimaliza," akasema. "Sasa nataka kulala."